Kabla hujaisugua shaba ya babu, isome kwanza

Swali la msomaji: "Shikamoo mzee. Naandika kutoka Sakina, Arusha. Babu mzaa baba alifariki mwaka jana, na katika kugawana vitu mimi nimepewa sanduku lake la mbao. Aliajiriwa reli miaka ya 1950, akawa karani wa simu stesheni ya Moshi hadi alipostaafu. Ndani kuna vitu vitatu. Cha kwanza ni kidude cha shaba juu ya ubao, kina mkono unaocheza na kirungu cheusi cha kushikia. Cha pili kina koili mbili zilizozungushiwa uzi wa kijani, na juu yake kipande cha chuma kinachogonga ukikisukuma. Cha tatu ni kama saa, lakini ndani ya kioo kuna sindano moja tu. Wajomba wanasema ni mali ya Mjerumani. Fundi wa mtaani kasema nisugue kwa ndimu na majivu ving'ae, na muuza vitu vya kale hapa mjini anavitaka. Je, ni vya Mjerumani kweli? Vinaweza kufanya kazi tena? Niviuze? Na jambo dogo: babu alikuwa akigonga meza kwa kidole kila siku akisubiri chakula, mdundo uleule. Shangazi anasema ni mapigo matano mazito kisha tisa ya harakaharaka. Ilikuwa na maana?"

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa kuondokewa na babu.

Nianze na lile la haraka, maana mengine yanaweza kungoja na hilo haliwezi. Ndimu na majivu, hapana. Najua ndivyo bibi zetu walivyong'arisha sinia na birika, na kwa sinia inayotumika kila sikukuu sina neno. Lakini shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na asidi ya ndimu huila zinki kwanza. Ukisugua leo itang'aa kama dhahabu, na baada ya wiki kadhaa utaona mabaka ya rangi ya waridi ambayo hayatoki tena. Majivu nayo ni msasa. Vyombo hivi vilipotoka kiwandani vilipakwa vanishi nyembamba sana, ya rangi ya asali, na hiyo ndiyo iliyoilinda shaba miaka yote. Ikishatoka imetoka.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nilishafanya kosa hilo mwenyewe. Nikiwa kijana fundi nilipewa chombo kama hicho cha pili nikisafishe, nikakisugua siku nzima mpaka nikajiona ndani yake. Chini ya mkono wa shaba kulikuwa na maandishi yaliyochorwa kwa sindano, madogo, ya mtu aliyekitumia kabla yetu. Niliyaona asubuhi. Jioni hayakuwapo. Sikuyasoma, na hakuna mtu atakayeyasoma tena.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuvisoma vitu hivi, na kuvisafisha kutafuata. Ngoja nikuonyeshe vinavyosomwa.

Hicho cha kwanza, chenye kirungu cheusi, ndicho kilichotuma. Nitakiita kipigio, kwa kuwa ndiyo kazi yake: karani alikipiga. Hapa nataka usimame kidogo kwenye neno lako mwenyewe la kila siku. Leo tunasema "nipigie simu" bila kuwaza, lakini neno simu lilipoingia katika Kiswahili halikumaanisha chombo cha kuongelea. Linatokana na neno la Kiajemi linalomaanisha waya, na kwa wazee simu ilikuwa ile habari iliyopita kwenye waya kwa mapigo, ambayo baadaye tuliita simu ya maandishi au telegramu. Kuongea kwa mdomo kulikuja nyuma, kukalirithi jina. Babu yako alikuwa karani wa simu kwa maana ya kwanza kabisa ya neno hilo.

Cha pili, chenye koili mbili, ndicho kilichopokea. Sisi mafundi tuliita saunda. Koili zile zikipata umeme huwa sumaku, zinavuta kile kipande cha chuma, nacho kinagonga chini: tak. Umeme ukikatika, springi inakirudisha juu, kinagonga tena kwa sauti tofauti kidogo: tik. Hicho tu. Hakina spika wala karatasi. Cha tatu ni galvanometa. Sindano yake husogea umeme unapopita kwenye laini, hivyo karani akiona imelala tuli wakati anapiga, alijua waya umekatika mahali fulani au betri imekufa. Hicho ni chombo cha kuhakikishia tu, na sina mengi ya kukuambia juu yake, ila usikifungue kioo. Sindano zile hukaa juu ya ncha nyembamba na huharibika kwa kuguswa.

Sasa rudi kwenye kipigio, maana ndicho chenye hadithi. Hesabu skrubu kubwa za kufungia waya. Nategemea utakuta tatu, na hizo tatu zinaeleza namna kazi ilivyofanyika. Moja imeungana na ule mkono unaocheza: hiyo ilikwenda kwenye laini, yaani kwenye nguzo zilizofuata reli kuelekea Tanga. Ya pili imeungana na ncha ya mbele, na hapo palifungwa betri. Ya tatu imeungana na ncha ya nyuma, nayo ilikwenda kwenye saunda. Mkono ukiwa umepumzika unagusa ncha ya nyuma, kwa hiyo laini yote inaishia kwenye saunda na stesheni inasikiliza. Karani akibonyeza, mkono unaiacha ncha ya nyuma na kugusa ya mbele, betri inasukuma umeme kwenye laini, na saunda ya stesheni ya mbali inagonga. Kimya ni kusikiliza, kubonyeza ni kusema, na huwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Mimi naliona hilo ni jambo zuri sana katika chombo.

Kuna aina nyingine iliyopendwa Marekani, ambayo pembeni ina kijikono kidogo cha kufungia njia ya umeme. Laini zao zilipitisha umeme muda wote, na karani alizungumza kwa kuukata, hivyo akimaliza ilibidi akifunge kijikono hicho, la sivyo laini nzima inakufa. Kama chako hakina kijikono hicho na kina skrubu tatu, ni cha mtindo wa Ulaya, na kwa mtu aliyeajiriwa reli yetu miaka ya 1950 ndivyo ninavyotarajia.

Utauliza: betri ina nyaya mbili, mbona nguzo zilibeba waya mmoja? Waya wa pili ulikuwa ardhi yenyewe. Mwaka 1838 Steinheil, mwanasayansi wa Ujerumani, alionyesha kwamba umeme unaweza kurudi kwa kupitia udongo, na kuanzia hapo gharama ya nyaya ikapungua nusu. Kila stesheni ilizika bamba la chuma na kufunga waya wa ethi. Kwenye nchi kavu kama huku kwetu, kiangazi udongo ukikauka ukinzani unapanda na mapigo yanafifia, na dawa yake ni kwenda kumwagia maji pale bamba lilipozikwa. Ukiona mtu anamwagilia pasipo na mche wowote, huenda anamwagilia simu.

Kuhusu Mjerumani. Mwanangu, mikoa hii ukisema kitu ni cha Mjerumani bei inapanda kabla hakijafunguliwa. Wako watu wanaozunguka wakitafuta rupia, zile sarafu za Mjerumani, na vitu vya kale kwa ahadi za mamilioni, na wengi wao wanatafuta mfuko wako. Basi tupime kwa ushahidi. Reli kutoka Tanga ilianza kujengwa 1893 chini ya Wajerumani na ikafika Moshi 1911. Waingereza waliingia Moshi Machi 1916. Njia ya kwenda Arusha ilifika 1929, wakati Mjerumani ameshaondoka zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1948 reli za Tanganyika, Kenya na Uganda ziliunganishwa kuwa East African Railways and Harbours, na huyo ndiye mwajiri aliyemkuta babu yako. Vyombo alivyokabidhiwa mtu wa miaka hiyo vina uwezekano mkubwa zaidi kuwa vya Kiingereza.

Lakini usiniamini mimi, angalia kibao. Ukikuta jina Siemens usiruke kwa furaha. Ikiwa imeandikwa Siemens & Halske, Berlin, hapo tuzungumze. Ikiwa ni Siemens Brothers, London, hiyo ilikuwa kampuni ya Uingereza yenye kiwanda chake Woolwich, na vyombo vyake vilikwenda kila pembe ya himaya. Jina la ukoo mmoja, nchi mbili. Ukikuta herufi EAR&H au TR, yaani Tanganyika Railways, hiyo ni alama ya reli. Ukikuta jina la mji wetu limeandikwa Moschi, hayo ni maandishi ya Kijerumani. Na ukikuta alama ndogo ya mshale wenye mistari mitatu kama unyayo wa kuku, pamoja na maneno W.T. 8 AMP, basi ni kipigio cha jeshi la Uingereza cha wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vilitengenezwa kwa wingi mno, vikasambaa duniani kote baada ya vita, na kwa sababu hiyo si adimu.

Kama kibao hakipo, uliza skrubu. Vyombo vya umeme vya Uingereza vilitumia kipimo kiitwacho BA. Skrubu ya namba 2 ina kipenyo cha milimita 4.7, ya namba 4 ina milimita 3.6. Nati ya kawaida ya dukani, ya milimita 5 au 4, haitaingia vizuri: moja inalegea, nyingine inagoma. Jaribu kwa vidole tu, kwa upole. Ikigoma, acha. Nimeona vyombo vilivyookoka vita na mvua vikifa kwa sababu mtu alilazimisha skrubu ya kitasa.

Kisha kigeuze. Tumbo la ubao ndilo shajara ya chombo. Huko utakuta karatasi iliyobandikwa, namba ya penseli, jina la stesheni, au tarehe ya matengenezo. Piga picha kwenye mwanga wa pembeni, asubuhi au jioni jua likiwa chini, ili mikwaruzo ijitokeze. Halafu tazama kirungu cheusi. Hicho ni ebonaiti, mpira uliopikwa kwa salfa mpaka ukawa mgumu kama mpingo. Kikikaa juani hugeuka rangi ya kijani au kahawia. Lakini mimi ningependa uangalie umbo lake: upande mmoja utakuwa umelika zaidi. Vidole vitatu vya mtu mmoja, kwa miaka, ndivyo vilivyokila hapo. Ukiweka vidole vyako ukaona havikai sawasawa, huenda babu alikuwa anashika kwa namna yake.

Kila karani alikuwa na namna yake, na hiyo tuliita mkono. Mapigo ni yaleyale karibu duniani kote, nukta (pigo fupi) na kistari (pigo refu), na vipimo vyake vinajulikana: kistari ni urefu wa nukta tatu, nafasi ndani ya herufi ni nukta moja, kati ya herufi nukta tatu, kati ya maneno nukta saba. Lakini hakuna mwanadamu anayepiga hivyo kama mashine. Mmoja huvuta kistari cha mwisho, mwingine huharakisha nukta. Karani wa Korogwe angeweza kumtambua mwenzake wa Moshi kabla hajajitaja, kama unavyotambua hatua za mzazi wako kwenye veranda.

Na walisoma kwa masikio. Katika saunda hakuna sauti ndefu wala fupi, kuna tak na tik tu. Urefu ni ule muda uliopo kati ya tak na tik. Zikifuatana haraka ni nukta. Zikiachana kidogo ni kistari. Huko mwanzo haikukusudiwa hivyo. Samuel Morse, Mmarekani ambaye alama hizi zina jina lake, alipotuma ujumbe wake mashuhuri wa tarehe 24 Mei 1844 kutoka Washington hadi Baltimore, ule wa kwenye Biblia, Hesabu 23:23, "Ni mambo gani aliyoyatenda Mungu," mashine ilichora alama kwenye utepe wa karatasi. Makarani ndio waliogundua kwamba hawahitaji karatasi, kelele ya mashine inatosha. Mabosi walipinga mwanzoni, kisha wakasalimu amri, kwa sababu sikio lilikuwa na kasi kuliko jicho. Huko Marekani walipachika kopo la tumbaku nyuma ya saunda ili mlio ukuzwe na usikike katikati ya kelele za ofisi. Nimejaribu kwa kopo la maziwa ya unga, na inafaa.

Alama tulizotumia sisi si zile za Morse mwenyewe hasa. Zilirekebishwa na Gerke, Mjerumani, mwaka 1848, zikakubaliwa kimataifa Paris 1865. Zilipangwa kwa lugha za kwao, ndiyo maana herufi E ina nukta moja tu, maana kwao E ndiyo inayojirudia kuliko zote. Kwa Kiswahili ni A. Hesabu katika sentensi yoyote utaona. A ni nukta na kistari, yaani vipimo vitano ukijumlisha na nafasi ya katikati, dhidi ya kimoja cha E. Kwa hiyo karani aliyepiga Kiswahili alifanya kazi zaidi kwa herufi zilezile.

Ila Kiswahili kililipa deni hilo kwa njia nyingine. Telegramu ililipiwa kwa neno, na kanuni za kimataifa zilihesabu neno la lugha ya kawaida kuwa moja mpaka herufi 15. Sasa tazama: "nitakapowasili" ina herufi 14. Neno moja, na ndani yake kuna mtu, wakati ujao, sharti la muda na tendo. Mwingereza angelipa maneno matatu au manne kwa habari hiyo. Sijui lugha nyingi zilizofaa telegramu kuliko yetu. Inasikitisha kwamba wengi tunaikumbuka kwa jambo moja tu, mjumbe wa posta kuingia uani na karatasi, na kilio kuanza kabla hajaifungua, kwa kuwa "Baba mgonjwa njoo" karibu kila mara ilimaanisha kwamba baba hayupo tena. Kwenye reli simu nyingi zilikuwa za kazi: treni imeondoka, behewa la kahawa limebaki, njia iko wazi au haiko wazi. Hizo hazikumliza mtu, ila zikikosewa treni mbili zingeweza kukutana uso kwa uso kwenye njia moja. Babu alibeba hilo kila siku.

Basi, kusafisha. Chukua brashi laini ya rangi, ile ndogo, ondoa vumbi. Kitambaa cha pamba kikavu kwa shaba. Kama kuna uchafu ulioganda, lowesha kitambaa kidogo sana kwa maji yenye tone la sabuni ya maji, pangusa, kausha papo hapo. Maji yasifike kwenye koili, uzi wa kijani ni hariri au pamba na ukioza waya unagusana. Ebonaiti usiioshe kwa maji ya moto, hugeuka rangi. Ncha zinazogusana, zile nukta ndogo za rangi ya fedha, mara nyingi ni madini ghali kama platini, hivyo msasa ni marufuku. Kata ukanda wa karatasi ngumu safi, uweke katikati ya ncha, bonyeza polepole na uuvute. Rudia mpaka karatasi itoke bila weusi. Angalia pia ubao na sanduku kama vina matundu madogo yenye unga chini yake. Ukikuta unga mpya, dumuzi bado wamo, lifunge sanduku kwenye mfuko wa plastiki na ulitenge na fanicha nyingine kwanza.

Kuvifufua kunawezekana, na ni rahisi kuliko unavyodhani. Azima multimita kwa fundi umeme. Weka kwenye kipimo cha omu, gusa ncha mbili za saunda. Ikisoma namba, koili ni nzima. Isiposoma kitu, waya umekatika, usiendelee, tafuta fundi wa kusokota koili mwenye subira. Tuseme imesoma omu 20. Betri moja ya tochi ya volti 1.5 itapitisha miliampea 75, tatu zikifuatana zitapitisha 225. Anza na moja, ongeza mpaka igonge vizuri, ukifika tatu simama. Ikisoma omu mamia kadhaa au zaidi, iliundwa kwa umeme dhaifu wa laini ndefu, na betri ndogo ya volti 9 inaweza kuiamsha. Betri ya bodaboda usiiguse: volti 12 kwenye omu 20 ni wati zaidi ya 7, na koili ya zamani itaungua mbele ya macho yako. Umeme wa ukutani sitaki hata kuutaja.

Sasa uzitambue zile skrubu tatu za kipigio. Multimita iwe kwenye mlio. Bila kubonyeza, tafuta mbili zinazolia pamoja. Kisha bonyeza, tafuta mbili zinazolia. Ile iliyomo mara zote mbili ndiyo ya mkono. Iliyolia ulipobonyeza ndiyo ya mbele. Funga waya kutoka betri hadi ya mbele, kutoka ya mkono hadi saunda, kutoka saunda kurudi betri. Ya nyuma iache. Bonyeza. Ukisikia tak, na ukiachia tik, umefanya kitu ambacho hakijafanyika katika familia yenu kwa miaka mingi. Usishike waya tupu kwa mikono miwili wakati unapoachia, koili ikikatiwa umeme hurusha mshtuko mfupi. Hauui, ila unashtua.

Hayo yote ni mezani na hayahitaji ruhusa ya mtu. Ukitaka kutuma Morse hewani kwa redio, hapo ni leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na wapo wapenzi wa redio nchini wanaoitumia mpaka leo kwa alama za wito zinazoanza na 5H.

Kuuza. Sitakupangia, mali ni yako na shida za mtu huzijua mwenyewe. Ninachokuomba usiuze kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na usiuze vitatu kwa watu watatu. Kimoja kimoja ni shaba. Vitatu pamoja, na sanduku, na jina la aliyevitumia, na stesheni, na miaka yake, ni ushahidi, na hata mnunuzi anayejua hulipia ushahidi. Tafuta karatasi za babu: barua ya ajira, hati ya kustaafu, picha akiwa kwenye sare. Pia ujue alivipataje, kama alipewa alipostaafu au vilitupwa akaviokota, maana alama ya reli ikionekana mtu atakuuliza. Mtu akitaka kuvipeleka nje ya nchi, kapige hodi kwanza Idara ya Mambo ya Kale. Na kabla ya yote, hapo Arusha una makumbusho mawili ya taifa karibu, la Boma ya zamani na la Azimio. Nenda ukazungumze na watu wao, hata kama hutawaachia kitu. Ukiwahi kufika Nairobi, pita makumbusho ya reli, ulinganishe kwa macho yako.

Limebaki lile uliloliita jambo dogo. Nimelisoma mara nyingi kuliko mengine. Mapigo matano mazito, kisha tisa ya haraka. Herufi M ni vistari viwili. O ni vistari vitatu. Hapo ni vitano. S ni nukta tatu, H ni nne, I ni mbili. Hapo ni tisa. Karani wa kasi ya wastani aliipiga kwa sekunde nne hivi.

Idadi peke yake haitoshi, mwanangu, kinachoamua ni mapumziko. Mkae na shangazi mezani, usimwambie nilichoandika, mwombe agonge kama babu alivyogonga, nawe funga macho uhesabu pale anapopumua. Zikija mbili, tatu, tatu, nne, mbili, basi babu yako kila alipokaa kusubiri ugali alikuwa anaandika MOSHI.